Kamera ifanye kazi ya vidole

Swali lenu la wiki hii: mteja wa duka la mtandaoni haishiki nguo, je, duka limfidie vipi? Mimi ni fundi cherehani. Naletewa vitambaa vilivyonunuliwa kwa simu, na nawaambia kwa moyo wote kwamba picha nzuri si fidia. Muuzaji afanye mbele ya kamera kile ambacho mkono wa mteja ungefanya dukani, kisha amwachie mteja nafasi ya kukataa.

Mtazameni mama anayechagua kitenge Kariakoo. Anakifikicha, anakigeuza aone kama rangi imepenya hadi upande wa ndani, anakiinua kwenye mwanga, anakifumbata kiganjani na kukiachia aone mikunjo inavyobaki. Akiwa na shaka, anaomba uzi uchomolewe uchomwe. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Yote hayo yanaenea kwenye video ya nusu dakika, bila mwanamitindo wala muziki. Nikionyeshwa upande wa ndani na uzi unaoungua, nitajua mapema kama gauni litahitaji bitana na kama mvaaji atatoka jasho.

Kisha uzito. Wauzaji wetu wengi huandika "kitambaa kizuri, hakichuji", na hapo mteja hajaambiwa kitu. Viwandani kitambaa hupimwa kwa gramu kwa mita ya mraba: fulana ya kawaida huwa kati ya 150 na 180, jinzi nzito hupita 400. Andikeni namba hiyo pamoja na asilimia ya pamba. Hata mteja anaweza kuihakiki: kitenge cha yadi 6, upana inchi 45, kikiwa cha gramu 130 kwa mita ya mraba, chote kitakuwa na uzito wa gramu 800 na kidogo, na mizani ya duka la jirani inatosha. Kwa nguo iliyokwisha kushonwa, toeni sentimita za kifua, kiuno na urefu. Herufi M haina maana moja kwa viwanda viwili.

Kuhusu kurudisha, wenzetu wametangulia. Zappos ya Marekani, iliyoanza mwaka 1999 kwa kuuza viatu, ilijijengea jina kwa kumpa mteja siku 365 za kurudisha bure. Umoja wa Ulaya, kwa sheria ya mwaka 2011, unampa aliyenunua mtandaoni siku 14 za kughairi bila kutoa sababu. Ni ghali, kweli. Mwaka 2022 kampuni ya nguo ya Zara ilianza kutoza ada kwa baadhi ya nguo zinazorudishwa Uingereza. Ndiyo maana maelezo ya kweli yanamlinda muuzaji pia: mteja anayejua anachonunua hana sababu ya kukirudisha.

Kwetu bado tunabandika "bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Dukani nalielewa tangazo hilo, maana mteja ameshika na kukagua kabla ya kutoa hela. Kulihamishia mtandaoni, kwa mtu ambaye hajagusa chochote, ni dhuluma. Dar es Salaam na Nairobi tuna njia nzuri: bodaboda inaleta mzigo, mteja anafungua, anakagua, ndipo analipa. Ila dereva huwa na haraka, na mteja anaona aibu kumchelewesha. Muda wa dereva kusubiri uingizwe kwenye nauli, na muuzaji amwambie mteja waziwazi kwamba ana haki ya kukataa.

Wanaonisikitisha zaidi ni wa mikoani, wanaolipa kwanza na kupokea mzigo kwa basi. Anayeagiza vitambaa vya sare za harusi Kigoma hana wa kumrudishia pale stendi. Kwa oda kubwa kama hiyo, muuzaji akate kipande cha ukubwa wa kiganja, akitie kwenye bahasha, akitume kwa basi lilelile kabla hajapokea hela ya mzigo wote. Mteja alipie nauli ya bahasha, na akinunua, ikatwe kwenye bei.