Kabla hamjamwendea mume wa mtu

Mara ya kwanza kikundi chetu kuingilia ugomvi wa nyumba, tulikwenda wanawake kumi na wanne na hasira zetu. Mume akawa mpole, akaomba radhi, hata viti akatutolea. Tukarudi tukijisifu njia nzima. Usiku ule ule mwenzetu alipigwa kuliko siku zote, eti katutuma. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza kama anataka twende.

Siku hizi tunaanza kwa kumuuliza yeye anatakaje. Halafu: leo utalala wapi? Hapo ndipo vikundi vingi hukwama, maana kelele hazina gharama, ila nauli na godoro vinataka pesa. Sisi tuna sanduku la kuweka na kukopa, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na kila kikao tunatenga kidogo kwa ajili ya atakayelazimika kutoka usiku.

Wengi huwasifu Gulabi Gang, kundi la wanawake lililoanzishwa na Sampat Pal Devi mwaka 2006 wilayani Banda, kaskazini mwa India, kwa fimbo zao za mianzi. Mimi fimbo sina haja nazo (zile sari za pinki, nakiri, nazitamani). Ninachowaonea wivu ni kule kwenda kituoni kwa wingi kuwabana polisi waandike kesi wanazozikwepa. Mwanamke mmoja ataambiwa njoo kesho. Ishirini waliokwisha kukaa sakafuni, nani awaambie?

Mtu akibakwa, msiitishe kikao. Hospitali kwanza, kabla hajaoga. Dawa za kuzuia VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyofaa. Nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwani kwenye plastiki hupata unyevu na ushahidi ukaharibika.

Halafu daftari. Naandika tarehe, saa, jeraha liko wapi, nani alisikia, kwa maneno ya aliyepigwa mwenyewe bila kuyapamba. Halilali nyumbani kwake hata siku moja. Kuna ndugu wa mume waliotujia wakitaka yaishe kinyumbani, wakasema ni mara ya kwanza, shetani kampitia tu. Nikafungua daftari, nikawasomea tarehe sita tofauti. Mkubwa wao akaomba maji ya kunywa.