Je, Hana ni jina la kukosa?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi na mume wangu tunatarajia mtoto wa kike mwezi ujao, na kwa kuwa tulikaa miaka minane tukimwomba Mungu atujalie, tumekubaliana kumwita Hana, kama mama yake nabii Samweli. Mama mkwe wangu hataki hata kulisikia jina hilo. Anasema mtoto akiitwa Hana, basi maisha yake yote atakuwa hana: hana mali, hana mume, hana bahati. Yeye amependekeza Mariamu, lakini wifi yangu naye amesoma mahali kwamba Mariamu maana yake ni uchungu. Je, majina haya yana maana gani hasa katika Kiebrania, na yapo mengine ya kike yasiyoweza kuzua ugomvi? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Dada mpendwa, hongera, na Mungu akujalie ujifungue salama.

Neno linalomtia hofu mama mkwe wako ni la Kiswahili, na halina undugu wowote na jina mnalolitaka. Hana wa Kiebrania ametoka katika mzizi wa konsonanti tatu, h-n-n, unaobeba maana ya kufadhili na kuonea huruma, na maana ya jina lenyewe ni neema. Hata sauti yake ya kwanza si h yetu nyepesi, bali ni ile h ya kooni inayosikika Mwarabu anapotamka Muhammad. Waisraeli wengi wa leo huitamka karibu na kh ya kheri. Wagiriki, ambao hawakuwa na herufi ya sauti hiyo, waliandika Anna, na ndiyo sababu yule mjane Ana aliyekuwa haondoki hekaluni, katika Luka sura ya 2, ana jina lilelile la mama yake Samweli. Mzizi huohuo umo pia ndani ya Yohana, yaani Bwana amefadhili. Yohana nalo huishia kwa silabi hizohizo mbili, wala sijapata kusikia mzazi aliyeliogopa.

Hata hivyo, nakuomba usimpuuze mama mkwe wako, kwa maana sikio lake halikumdanganya. Ukifungua 1 Samweli sura ya 1, utakuta mara moja kwamba Penina, mke mwenza wa Hana, alikuwa na watoto, lakini Hana hakuwa na watoto, na msomaji wa Kiswahili hawezi kuusoma mstari huo bila kusikia neno la kukosa ndani ya jina. Msomeeni sura yote, mpaka pale mama huyo anapompata Samweli, kisha sura ya 2 ambamo anaimba. Ninaamini miaka yenu minane itamfanya asikie jambo jingine. Akikataa bado, lipo jina Neema, ambalo ni tafsiri kamili ya Hana na ambalo hakuna bibi wa Kiswahili atakayelipinga.

Kuhusu Mariamu, wifi yako amesoma maelezo mamoja kati ya mengi. Wapo wanaolihusisha na uchungu, wapo wanaosema ni uasi, na wapo wanaolitafuta katika neno la Kimisri la kale lenye maana ya kupenda, kwa kuwa mwenye jina hilo wa kwanza katika Biblia ni dada yake Musa, familia iliyoishi Misri. Hakuna maelezo yaliyothibitishwa, na mimi nisingemnyima mtoto jina zuri hivyo, linalopendwa na Wakristo na Waislamu, kwa ajili ya dhana.

Jina ambalo uchungu wake hauna shaka ni Mara, linalopatikana katika Ruthu sura ya 1. Naomi, ambaye jina lake lina maana ya kupendeza, alipofiwa na mume na wana wawili aliwaambia wanawake wa Bethlehemu wasimwite Naomi tena bali Mara. Kitabu hakikumkubalia; kinaendelea kumwita Naomi mpaka mwisho, anapopakata mjukuu. Huyu Naomi, kumbuka, ni mama mkwe, tena mama mkwe aliyependwa na mkwewe kuliko wote ninaowajua katika Maandiko. Pengine mzee wetu atalipokea jina hilo kwa moyo mmoja.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Debora ni nyuki, Raheli ni kondoo jike, na Tamari ni mtende, neno lililo ndugu wa tamr ya Kiarabu. Esta si la Kiebrania kwa asili. Jina lake la kwao lilikuwa Hadasa, yaani mhadasi, mti mdogo wenye majani yanayonukia. Elisabeti lina maana ya Mungu wangu ni kiapo, na hapo pana jambo linalonigusa sana: katika Kiebrania kiapo na saba vina mzizi mmoja, kama inavyoonekana Abrahamu anapotenga kondoo saba na kuapa pale Beer-sheba, na saba yetu tuliyoipata kwa Waarabu ni ya ukoo huohuo. Mabinti wa Ayubu waliozaliwa baada ya mateso yake ni Yemima, ambalo kwa kawaida hufasiriwa njiwa. Kesia, gome linukialo la jamii ya mdalasini. Na Keren-hapuki, pembe ya kutilia wanja.

Mkibaki na Hana, nawashauri muandike Hanna, kwa n mbili. Ndivyo n hiyo inavyokazwa katika Kiebrania, na kwenye maandishi hakuna mwalimu atakayelichanganya na kitenzi chetu. Amueni kabla ya kwenda kuandikisha kizazi, na tahajia hiyo moja itumike kwenye cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo na cha shule, ili binti yenu asije kulazimika kutafuta hati ya kiapo kwa sababu ya herufi moja.