Dhamana ya afya ya mtoto wa mbwa: anza kwa kuuliza inakwisha lini

Nimesoma mikataba mingi ya kuuziana watoto wa mbwa, yangu na ya marafiki wanaoniomba niipitie kabla hawajatoa pesa. Karibu kila mmoja una maneno "dhamana ya afya" kwa herufi kubwa, na mnunuzi akiyaona tu moyo wake unatulia. Mimi hutafuta kwanza tarehe ya mwisho. Nikishaipata, nailinganisha na umri ambao magonjwa ya kurithi ya aina hiyo ya mbwa huanza kujitokeza. Mara nyingi dhamana huwa imeshakwisha zamani kabla ugonjwa wenyewe haujafika.

Chukua Dobermann. Ugonjwa unaowamaliza wengi wao ni wa misuli ya moyo: moyo hutanuka na kulegea mpaka unashindwa kusukuma damu. Kwa kawaida hujitokeza mbwa akiwa ameshakomaa, miaka kadhaa baada ya kununuliwa, kwa hiyo dhamana ya miaka 2 hapo haikusaidii kitu. Cavalier King Charles Spaniel naye huugua valvu za moyo. Ndiyo maana wafugaji makini wa aina hiyo hawamzalishi mbwa kabla ya kutimiza miaka 2 na nusu, na hutaka wazazi wake wawe wamefika miaka 5 huku mioyo yao ikisikika safi. Kwa mbwa wa namna hii, afya ya babu na bibi ina uzito kuliko kifungu chochote cha mkataba. Basi uliza: babu na bibi zao wako hai? Waliokufa walikufa wakiwa na umri gani, na kwa ugonjwa gani? Mfugaji anayewajua mbwa wake hujibu hapo hapo, hata kama jibu si zuri. Namwamini anayeniambia kwamba bibi yao alikufa kwa saratani, kuliko anayeapa kwamba katika ukoo wake hakuna mbwa aliyewahi kuugua.

Kwa mbwa wakubwa kama German Shepherd, Labrador na Rottweiler, jambo la kwanza ni nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja kikikaa vibaya kwenye kikombe chake, kiungo husagika taratibu na mbwa huishia kuchechemea. Hakuna kipimo cha vinasaba kinachoweza kukuhakikishia kwamba mtoto hatapata tatizo hili, kwa sababu linatokana na vinasaba vingi kwa pamoja, na uzito na malezi navyo vinachangia. Kinachobaki ni picha za eksirei za wazazi zilizosomwa na wataalamu. Marekani kuna OFA, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1966, ambayo haitoi daraja la mwisho la nyonga mpaka mbwa afikishe miezi 24. Uingereza kila nyonga hupewa alama kuanzia 0 hadi 53, kisha za nyonga mbili zinajumlishwa. Kadiri jumla inavyokuwa ndogo ndivyo nyonga zilivyo nzuri. Ukijua hayo, dhamana ya nyonga ya miezi 12 itakushangaza. Ikiwa wataalamu wenyewe wanasubiri miezi 24 ndipo watoe daraja, mfugaji anawezaje kufunga daftari mbwa akiwa na mwaka mmoja? Mimi huomba dhamana ivuke miezi 24, tena kwa miezi kadhaa, ili kuwe na nafasi ya kupiga picha na kupata majibu.

Cheti nacho usikitazame juu juu. Kuna mfugaji mmoja alinionyesha cheti cha nyonga kizuri, kimelaminishwa, daraja la juu. Kilikuwa na namba yenye tarakimu 15 ya chipu, kile kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi ya mbwa. Kwa kuwa alikuwa na kisoma chipu chake pale pale, nikamwomba ampitishie mama wa watoto begani. Namba iliyotokea kwenye kioo ilikuwa tofauti na ya kwenye cheti. Akasema, bila hata kuona haya, kwamba cheti ni cha dada wa mbwa huyo na damu ni ile ile. Damu ile ile haizuii dada mmoja awe na nyonga nzima na mwingine mbovu. Niliondoka. Tangu hapo hulinganisha namba ya chipu, jina la usajili na tarehe ya kipimo, kwa mama na kwa baba, hata kama baba anaishi kwa mfugaji mwingine. Majibu ya OFA yaliyowekwa wazi mtu yeyote anaweza kuyatafuta kwenye tovuti yao kwa jina la mbwa au namba yake ya usajili, kwa hiyo huna haja ya kutegemea nakala uliyopewa mkononi.

Utasikia sana pia kwamba watoto "wamepimwa na daktari". Ni jambo jema, ila elewa limebeba nini. Daktari wa mifugo humsikiliza moyo, humtazama meno, macho, kitovu na ngozi, basi. Kwa ukaguzi huo hawezi kukuambia nyonga zitakuwaje mbwa akikua, wala kama amerithi ugonjwa wa macho utakaompofusha baadaye. Kwa magonjwa ambayo kinasaba chake kinajulikana, dai majibu ya maabara. Mbwa atakuwa safi (hana kinasaba kibovu), mbebaji (ana nakala moja), au mwenye nakala mbili za kinasaba kibovu. Ikiwa ugonjwa unahitaji nakala mbili ili ujitokeze, mbebaji akipandishwa na aliye safi hakuna mtoto atakayeugua ugonjwa huo, kwa hiyo neno "mbebaji" lisikukimbize. La kukimbiza ni wabebaji wawili kupandishwa pamoja.

Kifungu kinachoniudhi kuliko vyote ni kile kinachosema mbwa akiugua umrudishe, upewe mwingine. Mbwa ameshakaa nyumbani kwako karibu mwaka. Anajua jina lake, anajua mlango unaoingilia, watoto wanalala naye. Nani atamrudisha, akijua huenda akauawa? Mfugaji aliyeandika kifungu hicho anajua vizuri kwamba hutarudi. Na hata ukirudi, mbadala unaweza kutoka kwa wazazi wale wale waliozaa ugonjwa. Omba kiandikwe upya: mbwa abaki kwako, na mfugaji akurejeshee gharama za matibabu mpaka kufikia bei uliyomnunulia. Wapo wanaokubali. Rafiki yangu mmoja aliomba hivyo, na mfugaji akakata mstari kwa kalamu, akaandika mpya pembeni, wote wawili wakatia sahihi. Angalia pia ni nani mwenye kauli ya ugonjwa. Kama ni daktari wa mfugaji peke yake, omba iwe daktari yeyote mwenye leseni, na mfugaji awe huru kutafuta maoni ya daktari wa pili.

Halafu kuna masharti yanayofuta dhamana. Mengine yana maana: mtoto wa mbwa mkubwa asinenepeshwe, asirukishwe sana akiwa bado anakua, asihasiwe mapema mno. Hayo niko tayari kuyafuata. Lakini sharti la kununua vitamini za kampuni fulani kila mwezi maisha yote ya mbwa, la sivyo dhamana inafutika, hilo nalikataa. Linamfaidisha muuzaji wa vitamini, na wakati mwingine mfugaji anapata kamisheni humo.

Magonjwa ya kuambukiza hayahitaji maelezo marefu. Mikataba mingi hutoa saa 48 au 72 tu. Parvo, ugonjwa wa virusi unaoharisha na kutapisha watoto wa mbwa, mara nyingi huchukua siku 3 mpaka 7 kabla ya dalili, na inaweza kufika 14; distempa, ugonjwa mwingine hatari wa virusi wa mbwa, inaweza kuchukua muda mrefu zaidi. Siku 14 ndicho kiwango cha chini ninachokubali kwa magonjwa haya, pamoja na kadi ya chanjo na dawa za minyoo yenye tarehe na sahihi.

Omba mkataba utumiwe kabla ya kulipa hata malipo ya awali, uusome nyumbani mtoto wa mbwa akiwa hayupo mapajani mwako. Siku ukimchukua, uwe umeshapanga miadi na daktari wako mwenyewe ndani ya muda ulioandikwa. Mwambie daktari aandike ripoti yenye namba ya chipu na tarehe, nawe mtumie mfugaji nakala siku hiyo hiyo, hata kama mtoto amekutwa mzima kabisa.