Kinesiolojia kama fani ndogo: ingia na swali lako mkononi

Nilijaza fomu ya kuchukua kinesiolojia, yaani sayansi ya mwendo wa mwili, kama fani ndogo (kozi chache kando ya fani kuu) nikiwa mwaka wa pili wa uhandisi mitambo. Wakati huo kaka yangu alikuwa akitembea kwa magongo baada ya kuvunjika mguu. Mguu ulikuwa unapona vizuri. Kilichomsumbua ni viganja. Kila jioni vidole vilikufa ganzi. Nikawa najiuliza: uliovunjika ni mguu, mbona unaolalamika ni mkono?

Ushauri wangu wa kwanza unatoka hapo. Usiichukue fani hii kama huna swali unalotaka likujibu.

Kinesiolojia ni pana mno. Ndani yake mna anatomia, fiziolojia ya mazoezi, biomekanika (hesabu za nguvu ndani ya mwili unaosogea), namna ubongo unavyojifunza na kuongoza mwendo, hata saikolojia ya michezo. Wenye fani kuu hupita kote huko. Sisi wa fani ndogo tunapata kozi chache tu, na ukiziokota kwa kuangalia ipi haigongani na ratiba yako, utamaliza ukiwa na vipande visivyoshikana. Swali la magongo ndilo lililonichagulia kozi. Rafiki yangu wa saikolojia alitaka kujua kwa nini watu huanza mazoezi kwa moto kisha wakaacha, na njia yake ikawa nyingine kabisa. Tulikutana darasa moja tu katika miaka miwili.

Darasa hilo lilikuwa anatomia, na hapo ndipo nilipokosea. Kwa kuwa hesabu za nguvu na nyenzo (namna mtaimbo unavyoinua mzigo) nilikuwa nazo, nilichukua biomekanika kwanza, nikaiacha anatomia kwa baadaye. Wiki ya tatu mhadhiri akachora mguu ubaoni, akaanza kueleza misuli inayovuka viungo viwili. Wenzangu walikuwa wanaandika. Mimi sikujua msuli wa nyuma ya paja unaanzia wapi wala unashika wapi. Hesabu ninazo, pa kuziweka sina. Alama niliyopata muhula ule inaniuma hadi leo. Anza na anatomia, tafadhali, hata kama fani yako kuu ni ya mahesabu matupu. Na ujiandikishe mapema, kwa sababu nafasi za maabara ni chache na mara nyingi wenye fani kuu hutangulizwa.

Uisome kwa mikono. Mwili wa mtu mzima una mifupa 206 na misuli zaidi ya 600. Ukiikariri kama orodha, baada ya mtihani imeondoka. Jaribu hivi sasa: kaa kwenye kiti, weka kiganja kimoja mbele ya paja na kingine nyuma yake, kisha simama taratibu. Utasikia misuli ya pande zote mbili ikikaza kwa pamoja. Ajabu, kwa sababu ya mbele inanyoosha goti na ya nyuma inalikunja, kwa hiyo ungetarajia ivutane na usiende popote. Jambo hili lilielezwa na Warren Lombard mwanzoni mwa karne ya 20, na hadi leo linabeba jina lake. Siri iko kwenye nyonga. Misuli ya nyuma ya paja, karibu yote, inavuka nyonga pia, na pale inainyoosha. Kwenye nyonga inavuta ikiwa mbali zaidi na kitovu cha kiungo kuliko kwenye goti, kwa hiyo inakizungusha kwa nguvu zaidi, wakati ya mbele ina nguvu zaidi gotini. Ukijumlisha, viungo vyote viwili vinanyooka nawe unasimama. Mimi nililielewa hilo sakafuni kwa chumba changu, nikikaa na kusimama kama mara ishirini.

Nyenzo nazo zilinifurahisha kwa namna ambayo uhandisi haukunifurahisha. Tuseme kano ya msuli wa mbele wa mkono imeshika sentimita 4 kutoka kwenye kiwiko, nao mzigo wa kilo 5 uko kiganjani, sentimita 32 kutoka kiwikoni, kiwiko kimekunjwa pembe mraba. Msuli unapaswa kuvuta kana kwamba umebeba kilo 40, bila hata kuhesabu uzito wa mkono wenyewe. Mashine ya namna hiyo ningeikataa mezani kwangu. Lakini msuli ukijifupisha sentimita 1, kiganja kinasogea kama 8. Mwili umetoa nguvu ukanunua kasi.

Mambo mawili ya tahadhari. Ukitafuta neno hili mtandaoni utakutana na kitu kiitwacho kinesiolojia tumizi, kilichoanzishwa na George Goodheart mwaka 1964, ambacho hudai kutambua magonjwa kwa kusukuma mkono wa mtu na kupima ukakamavu wake. Si taaluma hii, na kilipopimwa kwa majaribio makini hakikufanya vizuri zaidi kuliko kubahatisha. La pili: fani ndogo haikufanyi mtaalamu wa tiba ya viungo. Jirani yangu wa bweni alinieleza goti linamuuma, nikampa mazoezi ya kuchuchumaa. Maumivu yakazidi. Kumbe gegedu ilikuwa imechanika. Tangu siku hiyo jibu langu ni moja: nenda kwa daktari.

Kabla hujasaini, muulize mshauri wako wa masomo ni kozi zipi zinadai kozi nyingine kwanza, na kama kozi moja inaweza kuhesabiwa kwenye fani zote mbili. Mimi niliuliza nikiwa nimechelewa, nikalipia kwa muhula mzima wa jioni za maabara.

Muhula ule ndio nilioleta magongo ya kaka darasani. Anaporusha mwili mbele, uzito wake wote unapita kwenye viganja, kifundo cha mkono kikiwa kimepinda kwa nyuma, na mshikio mwembamba unakandamiza palepale mishipa ya fahamu inapoingilia mkononi. Tuliuongeza unene, tukaubadilisha mteremko, tukapima tena shinikizo. Yeye alishapona zamani, lakini alikuja, akayashika, akatembea nayo ukumbini kwenda na kurudi. Akasema, "Ungenitengenezea haya mapema."