Kabla hujashangilia ushuru sifuri: neno la wakala wa forodha kwa wauzaji wadogo wa Unguja na Pemba

Kila mkataba wa biashara unapotangazwa redioni, simu yangu haitulii. Nimefanya uwakala wa forodha bandarini Malindi, hapa Unguja, miaka mingi, basi jamaa na majirani hunihoji kama vile mimi ndiye niliyeweka saini. Swali lao ni moja: "Sasa tunapeleka bure?" Karibuni kanipigia dada mmoja wa Makunduchi mwenye kikundi cha akina mama wanaokausha na kufunga viungo. Kasikia habari za Eneo Huru la Biashara Barani Afrika, anataka kupeleka Nairobi, halafu Lagos, na Mungu akijaalia, Ulaya. Nikamuuliza, "Dada, ushuru uliokuwa ukikuzuia mpaka leo ulikuwa asilimia ngapi?" Akacheka. Hakuwa akijua, na sikumlaumu, maana hata maofisa wanaohutubia semina za mikataba hiyo aghalabu hawalisemi.

Anza hapo. Uliza ushuru wa jana kabla ya kufurahia ushuru wa leo. Ulaya, kwa mfano, tangu 2001 inapokea bila ushuru na bila kikomo cha kiasi kila kitu isipokuwa silaha kutoka kwenye nchi ambazo Umoja wa Mataifa unazihesabu kuwa na maendeleo duni zaidi, na Tanzania imo. Karafuu yetu, mdalasini wetu, mwani wetu, vyote vinaingia kwa sifuri. Anayekwambia mkataba mpya ndio utakaokufungulia Hamburg anakuuzia ulichonacho tayari. Kinachorudisha mizigo kutoka Ulaya ni mambo mengine kabisa. Kwa tangawizi, manjano, kungumanga na pilipili, sheria yao hairuhusu sumukuvu (sumu ya ukungu) kuzidi maikrogramu 10 kwa kilo, na manjano yaliyoanikwa chini kando ya barabara kwenye vumbi na unyevu hayavuki kipimo hicho hata mkataba ungekuwa mzuri namna gani. Pesa uliyotaka kuitumia kwenye nauli ya maonyesho ya biashara, jengea kichanja cha kuanikia.

Afrika ni habari nyengine. Huko ushuru ulikuwepo kweli. Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000, kwa hiyo Mkenya aliyepeleka bidhaa Misri alipita kwa unafuu ambao sisi hatukuwa nao. Mkataba wa Afrika, ambao biashara yake ilianza rasmi tarehe 1 Januari 2021, unatupa njia ya kurudi kwenye masoko kama hayo. Ila ushuru hauondoki siku moja. Nchi zisizokuwemo kwenye ile orodha ya maendeleo duni zilipewa miaka 5 kuondoa ushuru kwenye asilimia 90 ya bidhaa, nchi kama yetu miaka 10, asilimia 7 ni bidhaa nyeti zinazopewa muda mrefu zaidi, na asilimia 3 zimetolewa nje ya mkataba moja kwa moja. Kila nchi ina orodha yake. Bidhaa yako inaweza kuwa huru kwa jirani mmoja na nyeti kwa mwengine, na njia ya kujua ni kuitafuta kwa namba yake ya HS, yaani namba ambayo forodha duniani huitumia kutambua kila bidhaa. Karafuu ziko 0907. Mwani uko 1212. Sabuni ya mwani ina namba nyengine kabisa, na hapo ndipo watu wanapopotea: wanauliza ushuru wa mwani huku wakiuza sabuni.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho nakiona kila wiki. Mkataba wowote wa biashara huria una ukurasa wa ushuru, ambao wanasiasa huusoma, na una kanuni za uasili wa bidhaa, ambazo hazisomwi na mtu. Wewe anza na hizo za pili. Zinauliza: je, hiki kitu ni cha Zanzibar kweli?

Chukua masala ya pilau. Karafuu ya Pemba, mdalasini wa Kizimbani, pilipili manga ya hapa hapa. Safi. Lakini pilau bila ya uzile si pilau, na uzile wetu unatoka India. Iliki nyingi ya Darajani nayo imekuja kwa meli. Umevichanganya, umevisaga, umevitia kwenye pakiti nzuri yenye picha ya jahazi na maneno "Zanzibar". Kwa mtalii hiyo ni bidhaa ya Zanzibar bila shaka yoyote. Kwa forodha, kuchanganya kwa kawaida, kufunga na kubandika lebo ni kazi ambazo karibu mikataba yote inazitaja kwa jina kuwa hazitoshi kuipa bidhaa uasili. Pakiti yako inaweza kukataliwa ushuru sifuri Mombasa, na muuzaji wa mdalasini mtupu akapita.

Kwa kuuza nje ya visiwa, basi, ushauri wangu ni mkavu: uza kiungo kimoja kimoja kilicholimwa hapa, au kifanyie kazi ya kukigeuza kuwa kitu chengine, kama kukamua mafuta. Kiwanda cha makonyo cha Wawi kinafanya hivyo kwa vikonyo vya karafuu. Masala ya mchanganyiko waachie watalii wa Forodhani, wanalipa vizuri na hawaulizi cheti.

Halafu weka risiti. Kila ndoo ya mafuta ya nazi uliyonunua kwa mkulima, andika jina lake, shehia, kilo, tarehe, na yeye aweke saini. Kila dumu la mafuta ya mawese lililotoka nje, hifadhi ankara. Siku ofisa atakapokuuliza sehemu gani ya thamani ya sabuni yako ni ya hapa, hautakuwa na la kumjibu ila karatasi hizo. Nimeona mzigo mzuri ukilipiwa ushuru kamili kwa sababu mwenyewe alikuwa na ukweli bila ya ushahidi.

Kwa mizigo midogo kuna unafuu ambao wengi hawautumii. Ndani ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizomo kwenye orodha ya pamoja zenye thamani isiyozidi dola 2,000 zinapita kwa cheti chepesi cha uasili. Kwa Ulaya, shehena isiyozidi yuro 6,000 unaandika tamko la uasili wewe mwenyewe kwenye ankara, bila ya usajili. Kikundi cha akina mama kumi hakihitaji zaidi ya hapo kwa kuanzia.

Karafuu yenyewe ina njia yake. Kwa sheria, mnunuzi na msafirishaji ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, peke yake, hivyo mkataba wowote humfikia mkulima wa Pemba kupitia bei ya shirika tu. Wapo vijana wanaodhani kwamba kwa kuwa tuko umoja wa forodha na Kenya, gunia la karafuu kwenda Shimoni usiku limeacha kuwa magendo. Halijaacha.

Jambo la tatu la kuuliza: nani mwengine amepewa? China iliondoa ushuru wote kwa nchi zenye maendeleo duni kuanzia tarehe 1 Desemba 2024, na huku kwetu ilishangiliwa. Lakini Indonesia, ambayo ndiyo kubwa wa dunia katika mwani wa aina tunayolima, inafaidi mkataba wa China na ASEAN, jumuiya ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, ulioanza kikamilifu 2010. Tukifika pale sote tuna sifuri, anayeshinda ni mwenye bei na ubora. Mwani mnene, wenye bei nzuri, unakufa kwetu maji yakipata joto, tumebaki na mwembamba ambao ni rahisi. Ruzuku ya boti za kupeleka akina mama kulima maji ya kina, yenye ubaridi, ingetusaidia kuliko saini yoyote ya Beijing.

Na tusisahau kwamba mkataba una pande mbili. Mwaka 1833 Seyyid Said aliandikiana na Wamarekani: meli zao zilipe ushuru usiozidi asilimia 5 ya mizigo itakayoshushwa. Kitambaa chao kikajaa mpaka leo tunakiita merikani. Alipoandikiana na Waingereza mwaka 1839 alikuwa mwangalifu zaidi, akajibakishia pembe za ndovu na sandarusi za Mrima. Alikuwa mfanyabiashara mwenyewe, alijua kipi asikiachie.

Sisi tulikuwa bandari huru mwaka 1892, na hata katika miaka ya 1990 wachuuzi wengi waliishi kwa tofauti ya ushuru kati ya hapa na Bara. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza 2005, ushuru wa nje ukawa mmoja: sifuri kwa malighafi, asilimia 10 kwa bidhaa zilizotengenezwa nusu, 25 kwa zilizokamilika, na tangu Julai 2022 lipo fungu la 35.  Kwa kisiwa kinachoishi kwa bidhaa za meli, ukuta huo tunaulipia sisi ili kuwalinda wazalishaji wa Bara. Mimi ni katika wanaoona tulipoteza uchuuzi na viwanda havikuja kushika nafasi yake. Lakini ukishakuwa mzalishaji, ukuta huo huo ni wako. Chupa na makopo unayoagiza Dubai, yapigie hesabu ya ushuru kwanza, kisha uliza bei ya Nairobi.

La mwisho ni la muda. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zilisaini mkataba wa Afrika Mashariki na Ulaya, Tanzania ikakataa. Niliona tumepiga hesabu sawa: sifuri tunayo, ya nini kufungua soko letu kwa ajili yake? Kenya haimo kwenye orodha ya nchi zenye maendeleo duni, ilikuwa na la kupoteza, na mkataba wake wa peke yake ulianza tarehe 1 Julai 2024. Ila mwaka huo huo wa 2024 Umoja wa Mataifa ulipopitia orodha, Tanzania ilitimiza vigezo vya kutoka kwa mara ya kwanza. Mapitio hufanywa kila miaka 3, na Ulaya humpa anayetoka miaka 3 ya kujipanga kabla ya kumwondolea sifuri hiyo. Kwa hiyo, ukikopa mtambo wa kukamulia mafuta ya karafuu au mchaichai kwa marejesho ya muda mrefu, ukitegemea mnunuzi wa Ujerumani, andika kwenye mpango wako na bei yenye ushuru kwa miaka ya mwisho ya mkopo, uone kama bado inalipa.