Barua kwa Mwanangu: Nimelisoma Daftari la Mjukuu Wangu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, pamoja na picha za daftari la mjukuu wangu. Unaniuliza mambo mawili: kama umtafutie mwalimu wa masomo ya ziada, kwa kuwa amefika darasa la nne na hesabu bado zinamshinda, na kama udhaifu huo huenda ameurithi kwako. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza kulisoma daftari lenyewe, badala ya kusoma alama tu zilizoandikwa kwa wino mwekundu.

Hebu rudi kwenye ukurasa wa pili. Mtoto amepewa maswali kumi ya kutoa, amepata manne, amekosa sita, na chini yake ameandikiwa “Ongeza bidii.” Sasa yatazame aliyoyakosa. Katika 52 − 27 ameandika 35; katika 81 − 46 ameandika 45; katika 70 − 34 ameandika 44. Kisha yatazame aliyoyapata, kama vile 63 − 21 na 98 − 35. Mtu anayebahatisha hukosea ovyo, lakini huyu amekosea kwa utaratibu usioyumba hata mara moja: katika kila safu anatoa tarakimu ndogo katika kubwa, bila kujali ipi iko juu na ipi iko chini. Alipokutana na 2 juu na 7 chini alisema saba toa mbili ni tano, akaandika tano, akaendelea mbele kwa amani. Pale ambapo tarakimu za juu ndizo kubwa, kanuni yake humpa jibu sahihi, na ndiyo maana ameendelea kuiamini. Inawezekana kabisa kwamba alipoanza shule aliambiwa namba kubwa haitoki katika ndogo, naye akalishika neno hilo kwa uaminifu wote. Akiongeza bidii kwa kanuni hiyo hiyo, atapata makosa yale yale kwa haraka zaidi.

Kwa hiyo, kabla ya kumfundisha chochote, muulize: “Umefikaje hapa?” Muulize hivyo hata pale alipopata, kwa kuwa mtoto anayeulizwa tu anapokosea hutambua upesi kwamba swali hilo ni lawama, na ataanza kufuta jibu kabla hujamaliza kusema.

Ukishaliona kosa, chukua njiti za kiberiti, zifunge kumi kumi kwa uzi, mpe mafungu matano na njiti mbili, kisha mwambie akupe njiti ishirini na saba. Mafungu mawili atakupa bila shida. Njiti saba atazitafuta na kuona kwamba anazo mbili tu, na hapo, mwanangu, nyamaza. Najua utatamani kumwonyesha, lakini mwache akae na tatizo lake mpaka mkono wake mwenyewe ufungue uzi wa fungu moja. Atakuwa na njiti kumi na mbili, atakupa saba, atabaki na mafungu mawili na njiti tano. Baada ya hapo ndipo muandike kwa tarakimu kile alichokifanya kwa mikono. Neno “kukopa” linalotumika darasani sijawahi kulipenda, kwa sababu mtoto makini hujiuliza deni hilo litalipwa lini, na hakuna anayemjibu, mwambie tu kwamba “tumefungua kumi.” Mzoeshe pia kujikagua mwenyewe: 35 ukiijumlisha na 27 unapata 62, nasi tulianza na 52, basi kuna mahali pamekwenda kombo.

Kuna jambo dogo la lugha yetu ambalo watu wazima hatulioni. Kumi na tatu hujieleza yenyewe masikioni mwa mtoto, lakini hamsini haimwonyeshi tano popote, wala thelathini haimwonyeshi tatu, kwa kuwa majina hayo tuliyapokea kutoka Kiarabu yakiwa mazima. Mnapokuwa na njiti zenu, iiteni hamsini na mbili “makumi matano na mamoja mawili” kwa muda, mpaka jina na fungu vikutane kichwani mwake.

Kuhusu urithi, nina la kukiri. Ulipokuwa na umri kama wake, jioni moja nilikusimamisha kando ya meza nikakuuliza saba mara nane. Asubuhi ya siku hiyo ulikuwa umenitajia hamsini na sita bila kusita. Jioni nilikuwa nimechoka, nikapaza sauti, ukasema hamsini na nne. Nikagonga meza, ukasema arobaini na nane. Kisha ukaacha kusema kabisa, nami nikadhani ni ukaidi. Sikujua kwamba hofu hukalia nafasi ile ile ya akili ambayo mtu huitumia kushikilia namba moja wakati anashughulikia nyingine. Naomba radhi, ingawa nimechelewa miaka mingi. Kama kuna kitu kinachoweza kuhama kutoka kwako kwenda kwa mtoto, ni hofu ile, na hupitia katika maneno kama “hata mimi hesabu zilinishinda.” Unayasema kwa nia ya kumfariji, naye anayasikia kama habari ya ukoo wake. Basi usiyaseme mbele yake. Dakika kumi na tano kwa siku zinatosha, kabla usingizi haujamwelemea, na mwache angali anaweza, si baada ya machozi.

Jedwali la kuzidisha lisikutishe. Kuanzia moja hadi kumi lina majibu 100, lakini saba mara nane na nane mara saba ni jambo moja, hivyo yanabaki 55. Ondoa ya moja, mbili, tano na kumi, ambayo naona anayajua, yanabaki 21 tu. Mpe mawili au matatu kwa siku, na uyarudie baada ya siku kadhaa, anapokuwa karibu kuyasahau, kwa kuwa jibu lililotafutwa kidogo kichwani hukaa kuliko lile lililoimbwa mara ishirini kwa mkupuo.

Mwalimu wa ziada sikatai, lakini anza na mwalimu wake wa darasani. Nenda na daftari, mwonyeshe zile hesabu tatu, na umuulize ni mada gani ya nyuma aliyoikosa. Ukimpata wa ziada, mkae pamoja siku ya kwanza: akimfanyia mtoto kazi ya nyumbani ili alama zipande, mshukuru na umwage; akimuuliza amefikaje hapo, mshike. Mpeleke pia akapimwe macho na masikio, maana wapo watoto ambao tatizo lao ni ubao tu. Na ikiwa baada ya miezi kadhaa ya uvumilivu bado hawezi kusema kwa hakika ipi ni kubwa kati ya namba mbili, au anahesabu vidole kwa mbili jumlisha tatu, tafuta mtaalamu wa matatizo ya kujifunza. Hali hiyo ina jina, diskalkulia, na haihusiani na uvivu wala upungufu wa akili. Kwa niliyoyaona daftarini, sidhani kama tumefika huko.

Jumamosi mpe njiti na ile 52 − 27, usimweleze lolote, kisha unipigie picha ya atakachoandika. Kama ataandika tena 35, usimsahihishe kwanza. Niandikie alisema nini ulipomuuliza.

Baba yako