Kabula, usingizi haukopeshwi

Kabula mwanangu,

Meseji yako ya juzi usiku niliisoma nikiwa Mwaloni pale Kirumba nasubiri dagaa wapimwe, sikuweza kukupigia maana kelele za pale unazijua mwenyewe, afu hili si jambo la kujibu vipande vipande. Sa hizi nipo kwenye meli narudi Nansio, nina nafasi ya kuandika mpaka tufike.

Umeniuliza, mama, niache klabu ya waandishi na zamu ya redio ya chuo nisije nikapata sapu nikarudia mitihani, au niendelee navyo hata GPA ikishuka kidogo. Ukaongeza kwamba unataka kumaliza muswada wako uupeleke kwenye ile Tuzo ya Mwalimu Nyerere. Na katikati huko ukataja kwamba unalala saa tisa usiku na saa kumi na mbili uko macho. Hilo la saa tisa umelipitisha haraka haraka kama vile halina neno. Mimi ndo nimelishika hilo.

Maana we umeuliza redio au masomo, lakini ratiba uliyonitumia inasema kingine kabisa. Redio ni Jumamosi tu. Klabu ni Jumatano jioni. Vipindi vyako havijazidi vya mwanafunzi mwingine yeyote hapo Malimbe. Sasa hizo saa za usiku zinaliwa na nani? Umesema mwenyewe mwishoni, eti asaimenti ya kundi naandika mimi kwa sababu wenzangu wanasema mimi ndo najua kuandika. Ripoti ya fildi ya rafiki yako umeinyoosha wewe, hotuba ya yule kijana anayegombea serikali ya wanafunzi umeandika wewe, barua ya kuomba udhamini wa mahafali nayo wewe. Mwanangu, hao wote saa tisa usiku walikuwa wapi? Walikuwa wamelala.

Usingizi haukopeshwi. Nimewaambia hivyo wewe na Shija tangu mko shule ya msingi na mnajua nimeutoa wapi msemo huo, kwa babu yenu. Dagaa wanavuliwa gizani, taa ndo inawavuta, mbalamwezi ikiwaka ziwa zima linakuwa na mwanga na karabai haina kazi tena, basi mitumbwi inapandishwa nchi kavu, nyavu zinashonwa na watu wanalala. Mwezi hadi mwezi ndo hivo, na hakuna mvuvi aliyeitwa mvivu kwa kulala mbalamwezi. Watu walikuwa wanamfuata babu wakati huo wanataka vijana wake wakawabebee mizigo, wakawachimbie misingi ya nyumba, na hela wanatoa, anakataa. Anasema giza likirudi nitawakuta wamechoka na aliyewachosha hatakuwepo ndani ya mtumbwi.

Sasa nikwambie la Mama mdogo Pendo, maana mmezoea kusikia nusu yake tu. Mnajua tulikaa chumba kimoja chuo cha ualimu, na mnajua alisikika redioni miaka ile yote mpaka wauza samaki walikuwa wanamtambua kwa sauti. Kilichotangulia hamjawahi kukisikia. Kulikuwa na jaribio la Saikolojia, na mimi ndo nilikuwa naandika samari ya chumba kizima kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka na nilijua kufupisha. Hakukuwa na fotokopi ya bei ya kwetu. Naweka karatasi tatu na kaboni mbili katikati, nakandamiza kalamu mpaka ile nakala ya chini isomeke, vidole vimekuwa vya bluu na hiki cha kati kina shimo ambalo ukikigusa mpaka leo utalisikia. Taa kuu zikizimwa nawasha kandili. Nimeandika mpaka jogoo wanawika, tukafanya jaribio asubuhi, mimi nikarudi bwenini nikaanguka kitandani na viatu.

Mchana ule ule wakaja watu wa redio. Walikuwa wanatafuta vijana wa kuandika na kusoma michezo ya kuigiza, na mwalimu wa lugha alitaja jina langu, Kabula, jina langu mimi. Pendo ndo aliyetumwa kuja kuniita. Alikuja akanikuta nimelala, akarudi akasema hayupo vizuri, wakamwambia basi soma wewe. Akasoma. Wakamchukua.

Jioni nilipoamka aliniambia mwenyewe, hakunificha. Akasema dada, nilikuonea huruma. Nimeyageuza hayo maneno miaka yote hii na bado sijui niyaweke wapi. Siku nyingine naona ni kweli kabisa, maana Pendo ana huruma, ndo aliyekulea wewe nilipolazwa, na kuna siku nipo kwenye meli kama hivi, nasikia mchezo wa redio kwenye simu ya mtu, na moyo unaniuma uleule wa bwenini.

Najua utasema, sasa mama si unajipinga, usingizi huohuo ndo ulikunyima nafasi. Hata mimi nimejiuliza sana hilo. Labda watoto mnaokesha ndo mnaokutwa macho nafasi ikija. Lakini hapana. Mimi sikulala kwa starehe, nililala kwa sababu usiku wangu niliwagawia watu wa chumba, na mmoja wao ndo aliyekuwa na nguvu ya kusimama mbele ya watu wa redio. Usiku ule ungekuwa wa kwangu, mchana ule ungenikuta macho.

Halafu umenitajia Kezilahabi, kwamba mtu wa Ukerewe kwetu huku, kazaliwa Namagondo 1944, kamaliza chuo Dar 1970, na 1971 riwaya yake ya kwanza imeshatoka, kwa hiyo inawezekana. Inawezekana ndiyo, na mimi napenda umtazame yeye. Ila mwaka wa kitabu kutoka ndo tunaoujua, alikuwa analala saa ngapi hakuna aliyetuachia, kwa hiyo usimtumie kujihalalishia kukesha. Na tuzo ya Mwalimu inatolewa Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu, mwaka hadi mwaka. Mshindi wa kwanza milioni 10 na kitabu kuchapwa, si kitu kidogo, siwezi kukwambia ukiache. Lakini muswada ulioandikwa na mtu anayesinzia nao husinzia, soma ile sura ya nne uliyonitumia halafu soma ya kwanza uliyoandika likizo hapa nyumbani. Sura ya kwanza niliisoma nimesimama jikoni mpaka ugali ukaungua. Ya nne niliirudia mara mbili nikitafuta yule msichana wa sura ya kwanza kaenda wapi.

Redio sasa. Kuiacha au kutoiacha sitasema. Nina jibu, lipo hapa hapa mdomoni, na baba yako nimeshamwambia, yeye akasema mwache mtoto aamue, kwa hiyo naliuma. Ila ukija kuniambia umeacha redio na asaimenti za watu bado unaandika, hapo nitasema na utanisikia mpaka Malimbe.

Anza na hiyo ya kundi. Igawe, kila mtu kipande chake na jina lake, wewe andika chako, na atakayenuna anune. Nimemtuma Shija akuletee dagaa na unga Jumamosi asubuhi kabla hujaingia zamu, atakupigia akifika getini. Mimi nijibu kabla ya Jumapili, uniambie umewarudishia wenzako kazi yao au bado unayo wewe.

Mama yako